Siri iliyofichuka Mwingi kabla ya nusu saa

"Ni babake huyo!"

Sauti ilitoka benchi la nyuma, na filamu haikuwa imefika hata nusu saa. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2006 mjini Mwingi, ndani ya banda la video la mabati ambalo kiingilio chake kilikuwa shilingi kumi. Televisheni ilikaa juu ya kreti za soda. Jenereta ilinguruma nje, na kila baada ya dakika chache mwenye banda aliingia kutusogeza, tubanane zaidi ili wengine wapate pa kukaa.

Aliyepiga kelele alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minne, karatasi ya njugu mkononi. Walimnyamazisha kwa kofi la kisogoni. Saa moja baadaye, siri kubwa ya filamu ilipoanikwa na muziki ukapanda kwa kishindo, hakuna aliyeshtuka. Banda zima liligeuka nyuma kumtazama yeye.

Filamu yenyewe ilikuwa Hide and Seek, iliyoongozwa na John Polson na kutolewa Marekani mwishoni mwa Januari 2005. Jina lake ni ule mchezo wa watoto tunaouita brikicho. Imepita miaka mingi tangu itoke, kwa hiyo sitaomba radhi nikifichua mwisho wake. Kijana wa Mwingi alishanitangulia.

Kisa ni hiki. Daktari David Callaway, mwanasaikolojia wa New York anayeigizwa na Robert De Niro, anamkuta mkewe amekufa ndani ya bafu la kuogea. Kila mtu anaamini mama huyo amejiua. Baba anamchukua bintiye, Emily, wanahamia nyumba kubwa mashambani ili mtoto apone majonzi. Huko Emily anapata rafiki ambaye hakuna mwingine anayemwona, kwa jina Charlie. Kisha mambo yanaanza kuharibika. Paka anakutwa amekufa ndani ya maji ya bafu. Maandishi ya kumlaumu baba yanatokea ukutani. Mwanamke anayeanza kuzoeana na baba anasukumwa dirishani. Na usiku baada ya usiku baba anagutuka usingizini, saa ikisoma saa nane na dakika sita.

Mwishoni baba anaingia katika chumba chake cha kazi na kukuta maboksi aliyohama nayo yangali yamefungwa kwa gundi, kama yalivyoshushwa garini. Zile saa zote alizodhani ameketi pale akiandika, hakuwa ameketi popote. Alikuwa Charlie. Na mkewe hakujiua.

Yale maboksi ni picha nzuri, pengine nzuri kuliko zote katika filamu hiyo. Tatizo ni kwamba zilipita dakika nyingi mno kabla ya kuyafikia, na dakika hizo zote zilikuwa na kazi moja tu: kutuzuia tusijue jambo tulilokwisha kulijua.

Kampuni ya 20th Century Fox iliithamini siri hiyo kama dhahabu. Ilipeleka filamu katika kumbi za sinema za Marekani bila mkanda wa mwisho, na mkanda huo ukafuata peke yake chini ya ulinzi, watu wasije wakaujua mwisho kabla ya siku. Biashara ilikwenda vizuri. Filamu iliongoza mauzo ya tiketi Marekani wikendi yake ya kwanza, na duniani kote ikaingiza zaidi ya dola milioni 100. Wahakiki wengi waliinanga. Ulinzi wote ule, na huku kwetu ngome imebomolewa na mtoto mwenye njugu za shilingi tano.

Baada ya onyesho nilimfuata nje nikamuuliza alijuaje. Alinitazama kama mtu anayeulizwa ajuavyo kuvaa kandambili.

"Mwalimu, watu wenyewe ni wangapi mle ndani?" Akahesabu kwa vidole. Jirani, lakini jirani amekunja uso tangu mwanzo, na anayekunja uso tangu mwanzo huwa si yeye. Polisi, lakini polisi anazurura mno pale nyumbani, kwa hiyo amewekwa ili tumshuku. "Halafu yule msichana hamwogopi Charlie. Anamwogopa babake."

Katika banda la video kila mtazamaji ni mhakiki. Swali la kwanza ni stelingi ni nani, na la pili ni adui ni nani. Watu waliolelewa na filamu za makomando, za Kihindi na za kareti za Hong Kong wanazijua kanuni za mchezo kuliko watungaji wengine wanavyodhani. Baadaye wakaja wasimulizi kama DJ Afro, wanaozigeuza filamu za kigeni kuwa Kiswahili cha mtaani, na hao hawaoni taabu kukuambia mapema kwamba huyu unayemwona anacheka hana siku nyingi. Watu hawaondoki kwa kuambiwa hivyo. Wanasogea mbele.

Kanuni yenyewe ilikuwa imechakaa pia. Mwaka 1999 pekee zilitoka The Sixth Sense ya M. Night Shyamalan na Fight Club ya David Fincher, mbili zilizowafunza watazamaji duniani kumshuku mtu ambaye kamera inamfuata. Machi 2004, miezi kumi tu kabla ya De Niro kuingia katika ile nyumba ya mashambani, Johnny Depp alikuwa amecheza Secret Window, na humo pia mtesaji anageuka kuwa mteswaji mwenyewe. Ukishaumwa na nyoka mara tatu katika kichaka kile kile, mara ya nne utapita na fimbo.

Lakini si kijana yule aliyenifungua macho. Ni nyanya yangu.

Jumapili iliyofuata nilishuka kumwona Mulango, kilomita chache kutoka mjini Kitui. Nilimkuta jikoni akipika muthokoi. Susu, kama tunavyomwita nyanya kwa Kikamba, hakuwahi kuingia banda la video maisha yake yote, kwa hiyo nikaamua kumsimulia, nikiificha siri kama walivyoificha wenyewe. Nilipofika mwisho nikamwambia kwa mbwembwe: kumbe huyo Charlie ni babake mtoto! Ana mtu mwingine ndani yake. Usiku anakuwa yule mwingine, na asubuhi hakumbuki kitu.

Susu alikoroga chungu. "Na hawakumchezea kilumi?"

Kwa asiyeijua, kilumi ni ngoma ya kale ya Wakamba, yenye mapigo mazito, ambayo wachezaji wake wengi ni wanawake watu wazima. Huchezwa kuomba mvua, na huchezwa pia mtu anapopandwa na aimu, yaani mizimu, ili aliyemwingia asikizwe anataka nini. Kwa mtu aliyekulia akisikia ngoma hiyo, habari kwamba mwili mmoja unaweza kubeba wawili si mwisho wa hadithi. Ni habari ya asubuhi. Unaipokea, kisha unauliza: sasa tufanyeje?

Akaniuliza tena. "Na mtoto alijua?"

"Alijua, Susu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Akaweka mwiko chini. "Sasa mbona hukuanzia hapo?"

Nimesoma tahakiki nyingi za filamu tangu siku hiyo na sijakutana na swali lililonyooka kuliko lile.

Mulango hapo hapo ndipo alipozaliwa John Mbiti, mwaka 1931, kasisi na mwanazuoni ambaye vitabu vyake vimesomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Mwaka 1966 alichapisha Akamba Stories, mkusanyo wa hadithi za kwao. Miaka mitatu baadaye likaja African Religions and Philosophy, na humo akatumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza jinsi Waafrika wengi wanavyouona wakati. Aliyekufa, aliandika Mbiti, haondoki papo hapo. Maadamu wapo wanaolikumbuka jina lake, huyo ni mfu aliye hai. Bado yumo katika Sasa, na anaweza kubaki humo kwa vizazi vinne au vitano. Anapofariki mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo naye anapozama katika Zamani.

Sasa ichukue The Sixth Sense uiweke mbele ya mtu wa namna hiyo. Mshtuko wake wote unasimama juu ya jambo moja: daktari anayeigizwa na Bruce Willis amekufa na hajijui. Huo ni mshtuko mahali ambapo wafu wanadhaniwa hawapo. Mahali ambapo mzee akitaka kunywa humwaga kwanza tone chini kwa ajili ya waliotangulia, mfu anayetembea kati ya watu si fumbo, ni jamaa. Sisemi filamu ile ni mbaya, maana ninaipenda. Nasema inapendeza hata baada ya siri kufichuka kwa sababu ndani yake yumo mtoto anayeogopa na mama asiyejua la kumfanyia, na wawili hao hawategemei siri. Hide and Seek ilinakili kufuli ikasahau nyumba.

Hadithi za jioni alizotusimulia Susu hazikuwa na kufuli hata moja. Fisi, ambaye kwa Kikamba ni mbiti, hudanganywa na sungura. Tulilijua hilo kabla hajafungua kinywa. Zimwi hujigeuza kijana mtanashati, huja katika ngoma, huchumbia msichana aliyewakataa vijana wote wa kijijini. Sisi watoto tulijua ni zimwi tangu neno la kwanza, kwa kuwa Susu alituambia. Asiyejua ni msichana. Kila hatua aliyopiga kumfuata mchumba wake porini ilitukaza koo. Tulitaka kumpigia kelele, na hatukuweza, kwa sababu yeye alikuwa ndani ya hadithi na sisi tulikuwa nje, tumekumbatia magoti kando ya moto. Tuliisikia hadithi hiyo mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na kila mara tuliogopa upya.

Walimu wa fasihi huiita hali hiyo taharuki, na wengi wetu tulifundishwa kuiandika katika mtihani kana kwamba maana yake ni kutojua kitakachotokea. Susu alitufundisha kinyume chake. Taharuki yake ilitokana na kujua.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2011, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti ambao ndani yake wasomaji walipewa hadithi fupi 12, zikiwamo za Agatha Christie na Roald Dahl. Wengine walidokezewa mwisho kabla ya kusoma, wengine hawakudokezewa. Kwa jumla, waliodokezewa ndio waliofurahia zaidi. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na ni sawa, maana watu hawafanani. Lakini zinatosha kututia shaka kuhusu ule mkanda uliosafirishwa kwa walinzi.

Hata Mwamba wa Nzambani, mashariki ya mji wa Kitui, unaishi kwa hadithi ambayo kila mtu anaujua mwisho wake. Inasemekana ukiuzunguka mara saba unabadilika jinsia. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kukusimulia, na hakuna mgeni anayefika pale asiijue. Bado wanakuja, bado wanazunguka, na bado nimeona wanaume wazima wakisimama baada ya raundi ya pili, wakicheka kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika.

Ukivuka kuingia Makueni utafika Kilungu, alikozaliwa David Maillu mwaka 1939, mwandishi aliyeuza vitabu kama njugu katika miaka ya sabini. Riwaya yake ya 1973, Unfit for Human Consumption, inakuambia juu ya jalada, kabla hujaufungua ukurasa, kwamba mtu huyu hafai tena kuliwa. Unasoma kuona anavyooza. Sina hakika kama msomaji yeyote wa Maillu aliwahi kulalamika kwamba alijua mambo yangeishia pabaya.

Na kama mtu anataka ushahidi kwamba filamu ya mafumbo ya nafsi inaweza kutengenezwa hapa kwetu kwa busara hiyo, aitafute Kati Kati, ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mbithi Masya, ambaye wengi walimjua kwanza kupitia kundi la muziki la Just A Band. Mwanamke aitwaye Kaleche, anayeigizwa na Nyokabi Gethaiga, anazinduka nyikani akiwa na gauni la hospitali. Hakumbuki jina la mtu yeyote wala alikotoka. Anaifuata nyumba ya wageni iliyo mbele yake na kuwakuta watu wanaomlaki kwa furaha. Mtungaji wa Hollywood angetuficha kwa saa moja na nusu kwamba watu hao wamekufa. Masya anatuambia mapema kabisa. Kaleche anaambiwa kwa upole: umekufa, sote tumekufa, karibu.

Baada ya hapo ndipo filamu inapoanza. Yumo kasisi anayeandamwa na aliyoyatenda wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Yumo kijana aliyejitoa uhai. Wanacheza, wanakula, wanaogelea, na kila mmoja amekalia jambo asilotaka kulitazama. Swali si nani amekufa. Swali ni nani atathubutu kukumbuka. Filamu hiyo ilitunukiwa zawadi ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, katika tamasha la Toronto mwaka huo huo, na Kenya ikaiteua kuiwakilisha katika mbio za Oscar. Mbiti wa Mulango angelitambua eneo lile mara moja: ni kati ya Sasa na Zamani, na jina la filamu limelitaja bila kificho.

Mwaka jana nilialikwa na klabu ya drama ya shule moja ya upili huko Makueni. Siku hizi tamasha la kitaifa la drama hushindanisha filamu pia, na wanafunzi walikuwa wakiandaa yao, ya kupigwa kwa simu. Walinisomea muswada chini ya mwembe. Msichana anasikia sauti ya ndugu yake aliyezama mtoni. Sauti inamwita usiku baada ya usiku. Mama anamkemea, jirani anamtazama vibaya, na mwishoni, kumbe, alikuwa akiota.

Niliwauliza nani alijua kwamba itakuwa ndoto. Mikono ikapanda, ikiwamo ya walioandika.

Nikawasimulia habari za De Niro na za Susu, kisha nikawauliza: katika kisa chenu, nani anajua jambo ambalo wengine hawalijui? Walinyamaza. Upepo ukaangusha embe bichi juu ya paa la darasa. Msichana mmoja aliyekuwa hajasema neno akajibu kwa sauti ya chini: "Mama. Mama ndiye aliyemtuma ndugu yake kuchota maji siku hiyo, na mto ulikuwa umejaa. Ndiyo maana anamkemea akitaja sauti."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha mwenzake akachukua kalamu, akakata ukurasa wa mwisho kwa mstari mmoja, akarudi ukurasa wa kwanza.

Usiku ule, katika chumba cha wageni mjini Wote, niliifungua tena Hide and Seek kwenye simu. Safari hii sikumfuata De Niro. Nilimfuata peke yake Dakota Fanning, anayeigiza Emily, msichana aliyekuwa na miaka kama kumi walipompiga picha. Nilimtazama akikaa mezani mbele ya babake, akimpima kwa macho mazito asubuhi baada ya usiku mbaya. Anamtazama mikono kwanza, uso baadaye. Baba anamuuliza Charlie ni nani. Mtoto anamwangalia kwa muda mrefu mno, kama mtu anayechungulia dirisha la nyumba kuona ni nani yuko ndani leo.

Mara ya kwanza, Mwingi, nilidhani ni mtoto wa ajabu tu, wa filamu za kutisha. Sasa nilikuwa najua anachojua, na nywele zikanisimama. Huyu ni mtoto anayeishi na muuaji wa mamake, anakula naye, anasomewa hadithi naye akalala, na hawezi kumwambia kwa sababu wa kuambiwa ndiye yeye. Filamu yenye nguvu ilikuwamo mle ndani muda wote. Wenyewe waliifungia ili wapate kutushtua kwa dakika tano.

Nadhani hata wao walihisi. DVD ilipotoka ilikuja na miisho mingine kadhaa. Katika yote muuaji ni yule yule, kinachobadilika ni hatima ya Emily. Katika ule ulioonyeshwa kumbini Marekani anachora picha yake akiwa na vichwa viwili, katika mmoja wa ile mingine amefungiwa katika wodi ya wagonjwa wa akili. Walijaribu tena na tena kuamua mtoto huyo aachwe wapi, kwa maana walimsahau mwanzoni, na mtu uliyemsahau mwanzoni huna pa kumweka mwisho.

Betri iliniishia kabla filamu haijafika mwishoni, kwenye pango na bastola. Sikutafuta chaja.